If, when, unless, until, by, in case: viunganishi vya Kiingereza vinavyotuangusha. Tuwekane sawa hapa

#1 Mkalimani_Tabata

Habari wadau. Naanza na dai, anayepinga apinge kwa mifano.

Kinachomwangusha Mswahili kwenye Kiingereza si matamshi wala msamiati. Ni viunganishi vya sharti na wakati. Mtu anaandika ripoti safi kabisa, halafu anamwambia mteja "I will finish the work until Friday" au "If I will arrive in Mombasa, I will call you". Mteja anaelewa kitu kingine, au anaelewa kwa kukisia.

Dai langu ni kwamba chanzo ni -KI-. Tukisema "Ukifika nipigie" hatujasema kama kufika kwako ni hakika au ni majaliwa. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "When you arrive, call me": najua utafika, kinachongojwa ni saa tu. "If you arrive, call me": huenda usifike kabisa. Kumwandikia hivyo mtu ambaye yuko njiani tayari ni kumtisha.

Jaribio ninalotumia: ondoa -ki-, weka "endapo", kisha weka "-takapo-". "Endapo utafika" ikikaa vizuri, andika if. "Utakapofika" ikikaa vizuri, andika when. Zikikaa zote mbili ni juu yako kuamua unataka kusema nini, na ndipo wengi wanapoteleza kwa sababu Kiswahili hakijawahi kuwauliza swali hilo.

Wengine mnaosahihisha kazi za watu, ni kiunganishi gani kinaongoza kwa makosa?

#2 Bint_Kilindini

Until na by, bila ushindani. Na hapo -ki- haihusiki kabisa, mtuhumiwa ni "mpaka".

"Nitakaa mpaka Ijumaa" na "nataka iwe tayari mpaka Ijumaa" kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni mawili. Angalia kitenzi. Kama ni jambo linaloendelea bila kukatika mpaka muda ule, kwa mfano wait, stay, work, sleep, be open, ni until: "The office is open until 5." Kama ni jambo linalotokea mara moja na kuisha, kwa mfano finish, submit, arrive, pay, return, ni by: "Submit the form by 5."

Ukiandika "submit the form until 5", maana inayojitokeza ni kwamba mtu akae anawasilisha fomu ileile tena na tena hadi saa kumi na moja.

Kikanushi kikiingia, mambo yanageuka. "I didn't finish until Friday" ni sahihi, ila maana yake ni kwamba Ijumaa ndipo nilipomaliza. "I didn't finish by Friday" ni kwamba Ijumaa imefika kazi haijaisha, na huenda mpaka leo haijaisha. Kwenye barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa, hizo mbili ni mbingu na ardhi.

#3 Mzee_wa_Vishazi

Mkuu Mkalimani, umeanza vizuri lakini umemfunga asiye na hatia. Kosa la "If I will arrive" halitokani na -ki-. Tazama "nikifika": hakuna -ta- humo ndani. Mtu anayetafsiri kutoka -ki- angepata "if I arrive", na angekuwa sahihi.

Mwenye kosa ni -TAKAPO-. "Nitakapofika nitakupigia" ina -ta- pande zote mbili, basi mtu anaweka will pande zote mbili: "When I will arrive, I will call you." Ndiyo maana ukichunguza utaona will ya ziada inafuata zaidi when, as soon as, after, before na until. Kwenye if inaingia kwa kuwa tunasema pia "kama nitafika" na "endapo nitafika", ambazo nazo zina -ta-.

Kanuni yenyewe ni hii. Kishazi (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake) kinachoanzwa na if, unless, when, until, before, after, once, as soon as, by the time au in case hakipokei will ya wakati ujao. Wakati ujao unabebwa na kishazi kikuu peke yake. "I will call you as soon as I arrive." Imetosha.

#4 MwanafunziMilele

Shukrani mzee. Kwa hiyo nikiona will baada ya if, nikate kwa wino mwekundu bila kuuliza?

#5 Mzee_wa_Vishazi

Hapana mwanangu, usikate kabla hujaangalia mambo matatu.

La kwanza ni swali lililofichwa. "I don't know if he will come" na "Ask her when she will travel" ni sahihi kabisa, kwa sababu if na when hapo si sharti wala wakati, ni maswali: atakuja? atasafiri lini? Ukiweza kukigeuza kishazi kikawa swali linalojitegemea, will inabaki.

La pili ni hiari au ombi la adabu. "If you will wait here, I'll call the manager." Will hiyo ni "ukiwa radhi kungoja".

La tatu ni adimu kidogo: pale kishazi cha if kinapotaja tokeo badala ya sharti. "If it will help you, I'll lend you my notes." Kusaidika kwako kunakuja baada ya mimi kukuazima, si kabla.

#6 Mwalimu_Buja

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Hoja ya mzee ina nguvu kwa Tanzania na Kenya, lakini huku kwetu na kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu kuna mwalimu mwingine wa kosa hilo: Kifaransa. Kifaransa huweka wakati ujao baada ya quand: "Quand j'arriverai, je t'appellerai." Lakini baada ya si kinaweka wakati uliopo: "Si j'arrive." Wanafunzi wangu hawakosei sana "if I arrive". Wanakosea "when I will arrive", karibu darasa zima. Sasa ni -takapo- au ni quand? Wana vyote viwili kichwani. Mimi siwezi kuvitenganisha.

#7 Mswahili_wa_Hamburg

Na Mjerumani naye mnamweka wapi? Wao neno wenn linabeba if na when zote mbili, kama -ki- yetu vilevile, na watoto wao wanaandika if penye when kila siku. Hawana -ki-, hawana -takapo-. Mimi naona Kiingereza ndicho kimegawa sana, sisi wengine tuko kawaida.

#8 Bint_Kilindini

Kaka wa Hamburg, ukweli huo haumsaidii mtu anayeandika barua ya kazi asubuhi hii 🙂

#9 Kemia_Moja

Nichangie kwenye "zikikaa zote mbili" ya #1. Jambo ambalo ni kweli siku zote hupokea if au when bila maana kubadilika: "If you heat ice, it melts" ni sawa na "When you heat ice, it melts." Kishazi kikuu hakipati will, kwa kuwa si utabiri. Kwa Kiswahili ni -ki- na hu-: barafu ikipata joto huyeyuka. "Water boils when it reaches 100 degrees." Safi.

#10 Wa_Upper_Hill

Kemia, hilo ni kweli huko pwani. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo sentensi yako inahitaji sharti: "Water boils at 100 degrees if you are at sea level." Na hapo when haikai vizuri kama if, kwa sababu inaweza kusomeka kana kwamba wewe leo uko pwani, kesho mlimani. Sasa hiyo ndiyo tofauti ya if na when kwa mfano mmoja.

#11 Kemia_Moja

Nimepokea sahihisho. Maharage ya Nairobi poleni.

#12 Msahihishaji_F4

Tuje kwenye unless, kwa sababu shule ndiyo inayoharibu hapa, si lugha mama. Fomula ya darasani ni "unless = if not", kisha mwanafunzi anapewa sentensi kumi za kugeuza. Fomula inafanya kazi kwa "You will fail if you do not read" → "You will fail unless you read." Inavunjika sehemu tatu.

Mosi, kikanushi mara mbili. "Unless you don't pay, we will cut the water." Maana yake kwa Kiingereza: ukilipa ndiyo tunakata. Kosa linaingia hivi: "usipolipa" ina -sipo- ndani yake, sharti na kikanushi kwa pamoja. Mwanafunzi anaandika unless, lakini sikio lake bado linasikia "si", basi anaongeza don't. Dawa: ukishaandika unless, kitenzi kinachofuata kisomeke kwa Kiswahili kama "isipokuwa ukilipa". Ukisikia "isipokuwa usipolipa", futa don't.

Pili, pale kutokea kwa jambo kunapotokana na kukosekana kwenyewe. "She will be sad if he doesn't come" haigeuki kuwa "She will be sad unless he comes". Ya kwanza: kutokuja kwake ndiko kutamletea huzuni. Ya pili inasema yuko kwenye huzuni tayari na kuja kwake ndiko kutamwondolea. Unless ni mlango wa kutokea kwenye hali ambayo ipo. Haileti hali mpya.

Tatu, mambo ya kudhania tu. "If he weren't so busy, he would help us." Huwezi kuandika "Unless he were so busy". Weka alama ya kosa bila huruma.

#13 Mkalimani_Tabata

#12 umemaliza. Lakini unasema shule, kisha unaeleza kwa -sipo-. Si umerudi kwenye lugha mama kwa mlango wa nyuma?

#14 Msahihishaji_F4

Nilichosema ni kwamba lugha mama inapanda mbegu, fomula inamwagilia. Anayejifunza unless kwa kusoma sentensi nzimanzima hafanyi kosa la kwanza hata kama Kiswahili ndicho alichozaliwa nacho.

#15 Dawa_na_Dozi

Mfano wa unless na until zikiwa pamoja, na umuhimu wake si wa mtihani. Lebo ya antibayotiki za Uingereza huwa na maneno haya: "Keep taking this medicine until the course is finished, unless you are told to stop."

Isome taratibu. Until inaweka mwisho wa kawaida: dozi iishe. Unless inafungua njia moja ya kukatisha kabla ya mwisho huo: uambiwe uache. Tafsiri sahihi: "Endelea kutumia dawa hii mpaka dozi iishe, isipokuwa ukiambiwa uache."

Nimeona watu wanaifasiri "mpaka uambiwe uache". Hapo unless imegeuzwa kuwa until, na mgonjwa akiifuata neno kwa neno ataendelea kutafuta vidonge hata baada ya dozi kuisha, akisubiri wa kumwambia. Wengine wanaifasiri "mpaka upate nafuu", ambayo haimo kwenye lebo kabisa, na ndiyo inayofanya watu waache dawa siku ya tatu.

Jaribio langu: until inajibu "mwisho wake lini?" Unless inajibu "ni nini kitakachozuia?"

#16 KodaArusha

Sisi wa programu tumeokolewa hapa kwa nguvu, kompyuta haikisii. Kitanzi (amri ya kurudia kazi) cha while kinazunguka maadamu sharti ni kweli. Kitanzi cha until kinazunguka maadamu sharti ni uongo, likiwa kweli kinasimama. Ukibadilisha while kwa until bila kugeuza sharti, programu ama haianzi ama haiishi. Na unless ni if iliyogeuzwa. Lugha ya programu ya Python inazo zote, jaribuni mtaona.

#17 Mfumo_Huria

Mkuu KodaArusha, hapo kwenye Python rekebisha. Kati ya hizo nne, Python ina if na while tu, haina until wala unless. Unless iko Ruby na Perl. Until iko Ruby, Perl na Bash. Pascal ina repeat ... until, ambayo inaangalia sharti mwishoni, kwa hiyo kazi inafanyika walau mara moja hata kama sharti lilikuwa kweli tangu mwanzo.

Na hiyo repeat ... until ndiyo inakaribia until ya watu: "Knock until someone answers." Unagonga kwanza.

#18 KodaArusha

Sawa, nimechanganya na Ruby. Asante.

#19 Bint_Kilindini

Mmesahau in case. Watu wanaiweka kila penye if, wakidhani ni if yenye suti.

"Take an umbrella if it rains" ni kwamba subiri mvua inyeshe ndipo ubebe. "Take an umbrella in case it rains" ni kwamba beba sasa hivi, mvua ije isije. In case ni tahadhari, tendo linatangulia. Kiswahili chake cha karibu ni "isije ikanyesha" au "huenda ikanyesha", si "ikinyesha".

Kwa hiyo "I will call you in case I need help", ukimaanisha nitakupigia nikihitaji msaada, ni kosa kwa Kiingereza cha Uingereza. Andika if.

#20 Wa_Upper_Hill

Dada, na kibao cha kwenye ukumbi, "In case of fire, do not use the lift"? Hapo si tahadhari, ni "moto ukitokea".

#21 Bint_Kilindini

Sahihi, kwa sababu kuna of. "In case of" na nomino ni "ikitokea". "In case" na kishazi ni tahadhari. Kibao kikisema "Do not use the lift in case there is a fire", maana yake lifti isitumiwe hata leo, kwa kuhofia moto.

#22 Boston_Mzizima

Ongeza tu kwamba Marekani in case ya maana ya if inasikika na inaandikwa, "In case you need me, call this number", na hakuna anayeshtuka. Ila anayeandikia wasomaji wa pande zote mbili abaki na if.

#23 Wakili_Mtaa_wa_Pili

Ngoja niwaonyeshe mahali ambapo if na when ni fedha. Kwenye mikataba ya ujenzi, mkandarasi mkuu humwekea mkandarasi mdogo kifungu cha malipo. Akiandika kwamba atamlipa when mwenye mradi akimlipa yeye, mahakama nyingi za Marekani hulisoma hilo kama suala la muda: deni lipo, malipo yanaweza kuchelewa kwa muda wa kuridhisha, lakini hayafutiki. Akiandika kwa maneno bayana kwamba atamlipa if yeye amelipwa, hilo ni sharti: mwenye mradi akifilisika, mkandarasi mdogo anabaki mikono mitupu. New York mwaka 1995 na California mwaka 1997 mahakama zao za juu zilikikataa kifungu cha aina hiyo ya pili. Uingereza ilishavibana vifungu vya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1996, ikaacha nafasi pale tu mlipaji wa juu amefilisika.

Na by ya dada wa Kilindini, kwenye mkataba tunaikwepa. "By 30 June": tarehe 30 imo? Kwa kawaida imo, lakini kwa nini uache mtu abishane? Andika "on or before 30 June" au "not later than 30 June". Kwa until, kama siku ya mwisho imo, andika "up to and including 30 June". "Within 14 days" haijakamilika mpaka useme zinahesabiwa kuanzia wapi: "within 14 days after receipt of the invoice". Usiandike "in 14 days" ukimaanisha hiyo, kwa sababu in ni siku ya kumi na nne yenyewe ikifika.

#24 MwanafunziMilele

Wakili, na "unless and until" mnayopenda? Si moja ingetosha?

#25 Wakili_Mtaa_wa_Pili

Mara nyingi ingetosha. "No payment shall be made unless and until the engineer signs": unless inasema bila sahihi hakuna malipo, until inasema kabla ya sahihi hakuna malipo. Ukiondoa until, mtu anaweza kulipa leo akitegemea sahihi ya kesho. Kwenye barua ya kawaida, achana nayo.

#26 Mzee_wa_Vishazi

Hamjagusa -NGE-, na humo ndimo walimo wengi. "Ningejua ningekuja": kiambishi kimoja pande zote mbili. Matokeo yake, "If I would know, I would come", na ikiwa ni jambo lililopita, "If I would have known, I would have come."

Kiingereza kinataka pande mbili zisifanane. Upande wa if unarudi nyuma hatua moja, upande mkuu unapata would:

Nikijua, nitakuja. If I know, I will come.
Ningejua, ningekuja. If I knew, I would come.
Ningalijua, ningalikuja. If I had known, I would have come.

Mwenye kushika -ki-, -nge- na -ngali- kwa mpangilio huo hapati taabu.

#27 Mswahili_wa_Hamburg

Mzee, heshima yako, lakini nani leo anatenganisha -nge- na -ngali-? Mtaani Dar ni -nge- kwa yote: "Jana ningejua ningekuja." Wengine -ngeli-. -Ngali- imebaki kwenye vitabu na mashairi. Ukimwambia kijana afuate mpangilio huo, unamfundisha Kiswahili kwanza ndipo Kiingereza.

#28 Mzee_wa_Vishazi

Basi afundishwe vyote viwili. Pwani wapo wanaozitenganisha mpaka leo.

#29 Mwalimu_Buja

Njia isiyotegemea -ngali-: angalia neno la muda. Sentensi ikikubali "jana", tumia had. Ikikubali "sasa hivi", tumia wakati uliopita wa kawaida. "If I had known yesterday." "If I knew now." Darasani inafanya kazi hata kwa asiyejua Kiswahili cha pwani.

#30 Kemia_Moja

Nje kidogo ya mada: "singekuja" au "nisingekuja"?

#31 Mzee_wa_Vishazi

Zote zipo. Anzisha uzi wake, tutakuja.

#32 Mkalimani_Tabata

Kabla! Sisi tunasema "kabla sijaondoka", kikanushi kimo. Ndiyo maana mtu anaandika "before I have not left" au "before I don't leave". Kiingereza: "before I leave". Before haibebi not ya namna hiyo, kwa sababu yenyewe tayari inasema jambo halijatokea.

Vilevile "tangu". "Ninafanya kazi hapa tangu 2019" tunaisema kwa wakati uliopo, tunaandika "I am working here since 2019". Iwe "I have worked here since 2019". Since inataka mahali pa kuanzia: 2019, Monday, I was born. Muda wenyewe unachukua for: for six years. "Since six years" haipo.

#33 Tillnamba

Na till je? Maana huku Kenya till ni ya kulipia bidhaa.

#34 Wa_Upper_Hill

Ya M-Pesa ni nomino, droo ya fedha dukani. Kiunganishi till ni until ileile, na wanaodhani ni kifupisho cha until wamekosea: till ndiyo kongwe. Ni ya kawaida zaidi kwenye mazungumzo, barua rasmi weka until. 'til yenye kiapostrofi achana nayo. Na until iwe na L moja, till mbili.

#35 Msahihishaji_F4

Nyingine: "Immediately I arrived, I called him." Nimeona walimu wanaikata. Kwa Kiingereza cha Uingereza immediately inakubalika kama kiunganishi. Marekani haikubaliki, wanataka "as soon as". Usimkatie mtoto alama, mwambie tu as soon as ni salama kote.

Na "No sooner had he arrived than it rained", lakini "Hardly had he arrived when it rained." Than inafuata sooner kwa kuwa sooner ni ya kulinganisha. Hardly hailinganishi, inapata when. Akikumbuka hilo hana haja ya kukariri.

#36 Bint_Kilindini

Niongeze by the time, maana inachanganywa na when. "Utakapofika nitakuwa nimeondoka" ni "By the time you arrive, I will have left." "Ukifika nitaondoka" ni "When you arrive, I will leave." Ya pili tutaonana, ya kwanza hatutaonana. Kiswahili hapa kinasaidia kabisa: ukiona "nitakuwa nime-", by the time ndiyo yake.

#37 Mizigo_Kariakoo

Wadau msaada wa haraka, natuma leo: "Dear Sir, if you will receive the goods until Monday, kindly let me know if they are complete, unless you don't have time." Mzigo uko njiani.

#38 Mkalimani_Tabata

"Dear Sir, the goods should reach you by Monday. When you receive them, please let me know whether they are complete." Hiyo ya unless ondoa yote. Kwa jinsi ulivyoiandika, inamwambia akujibu endapo tu ana muda, yaani unampa ruhusa ya kunyamaza.

Whether nimeiweka kwa makusudi. "Let me know if they are complete" anaweza kuisoma kuwa akujibu ikiwa tu umekamilika, ukipungua anyamaze. Kiswahili "kama" inafunika zote mbili. Na baada ya kihusishi au kabla ya to ni whether tu: "It depends on whether he pays", "I don't know whether to wait."

#39 Mizigo_Kariakoo

Asanteni sana. Lakini mzigo bado haujatoka forodhani, tarehe sina hakika nayo. When inabaki?

#40 Wakili_Mtaa_wa_Pili

When ibaki, kwa kuwa kupokea atapokea. Kinachoyumba ni Jumatatu, basi sharti liende kwenye Jumatatu: "If customs clears the goods this week, they should reach you by Monday."

#41 Mzee_wa_Vishazi

Naunga mkono, ila angalia mkato. Kishazi cha if kikitangulia, mkato unawekwa baada yake. Kikija mwisho, mkato hauhitajiki: "They should reach you by Monday if customs clears the goods this week." Na usiweke "will clear", kwa sababu nilizotaja #3.

#42 Mwalimu_Buja

Na ambazo mimi bado nasema nusu yake ni Kifaransa.